Kijana Aliyetoka na Televisheni

Leo sina mgeni studioni. Niko na kipaza sauti tu, na jambo lililonikaa kifuani tangu mwaka juzi. Nilipaswa kulisema usiku uleule lilipotokea, sikulisema. Basi nalisema leo.

Ilikuwa saa nne kasoro usiku. Nyumba ya tatu kutoka kwetu iliwaka. Moto ulianzia jikoni: mtungi wa gesi, mpira uliochakaa, na njiti ya kiberiti. Mama mwenye nyumba alikuwa msibani, na nyumbani walibaki wajukuu zake wawili na binti wa kazi. Majirani tulitoka kwa kelele, wengine na ndoo, wengine na simu mkononi wakirekodi, wengine tumeshika vichwa. Aliyeingia ndani ni kijana wa bodaboda anayeegesha pale kona, chini ya mwembe. Alilowesha fulana yake kwenye ndoo ya mtu, akajifunga puani, akapotelea kwenye moshi. Hakuna aliyemtuma.

Mara ya kwanza alitoka na mtoto. Mara ya pili alitoka na mtoto wa pili, na binti wa kazi nyuma yake akiwa amemshika suruali kiunoni asimpoteze. Mara ya tatu alizima swichi kuu ya umeme, akatoa mtungi wa akiba uliokuwa kando ya friji. Mara ya nne akatoka na televisheni begani.

Hapo mtu mmoja nyuma ya umati akatamka: "Kibaka huyo! Anaiba!"

Msikilizaji, unayajua yanayofuata neno hilo likishatamkwa usiku. Televisheni ilianguka ikapasuka, naye akaangukia juu yake. Walimpiga kwa mateke na kwa mbao, mpaka yule binti wa kazi, aliyekuwa bado anakohoa, alipojitupa juu yake akilia, "Huyu ndiye aliyetutoa! Huyu ndiye aliyetutoa!" Mimi niliwaona watoto wakitoka mikononi mwake. Nilisimama hatua kumi kutoka pale. Sauti haikutoka. Sauti hii unayoisikia sasa, ambayo ndiyo kazi yangu, usiku ule haikutoka.

Tangu siku hiyo, kila nikisikia mtu akisema kwamba nchi yetu haina wazimamoto wa kujitolea, namkumbuka kijana yule. Tunao. Tunao wengi mno. Tatizo ni kwamba hatuwajui mpaka moto uwe umeshawaka, na wakati huo macho ya watu yamejaa moshi na hofu, na mtu asiyejulikana anayetoka ndani ya nyumba ya mwenzake amebeba kitu hufanana sana na mwizi.

Nenda Kilimanjaro. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulizuka mlimani, eneo la Whona, kwenye njia ya Marangu, kati ya kituo cha Mandara na kile cha Horombo. Horombo iko mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Mtu aliyetoka Moshi mjini asubuhi, akifika huko huhema hata anapofunga kamba za viatu. Vichaka vya huko juu vina mafuta, huwaka vingali vibichi. Udongo nao umejaa mizizi na majani yaliyooza kwa miaka mingi, kwa hiyo moto hushuka chini, hutembea kimyakimya, kisha huibukia nyuma ya mtu aliyedhani ameshauzima. Gari la faya la mjini halina namna ya kuufuata moto wa aina hiyo. Waliupandia watu kwa miguu: askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Wanyamapori Mweka, wapagazi, waongoza watalii, wanavijiji wa miteremkoni. Walikuwa mamia. Walipiga moto kwa matawi mabichi, wakafyeka na kulima mistari ya udongo mtupu ili ukifika hapo ukose cha kula. Mpaka unadhibitiwa, takriban kilomita za mraba 95 za hifadhi zilikuwa zimeungua.

Wachaga wa miteremkoni hawakuhitaji kuhubiriwa. Maji ya mifereji yao, ile wanayoiita mfongo, yanatoka kwenye msitu uleule. Migomba ya bibi, kahawa ya baba, ng'ombe wa zizini, vyote vinakunywa kutoka huko juu. Oktoba 2022 mlima ukawaka tena, safari hii upande wa Karanga, na watu wakapanda tena.

Ukienda Mufindi na Njombe utaikuta hali hiyo kila kiangazi. Mashamba ya misindano na mikaratusi yamezunguka vijiji, upepo wa nyanda za juu hauna huruma, na la mgambo likilia kila mwenye miguu anaacha jembe na kukimbilia moshi ulipo. Wengine wanakimbia na ndala. Nimewahi kuongea na mzee mmoja wa huko aliyenionyesha unyayo wake: ndala iliyeyuka ikaganda kwenye ngozi. Nilimuuliza alitibiwa wapi. "Nyumbani, mwanangu," akasema, "kwa asali." Alilisema hilo kama mtu anayesimulia hali ya hewa.

Na Kariakoo je? Tarehe 16 Novemba 2024 lilipoporomoka jengo la ghorofa, kabla ya mashine na kabla ya vikosi, wafanyabiashara wa maduka ya jirani na wapita njia ndio walioanza kufukua vifusi kwa mikono na nyundo, wakiita majina ya watu waliokuwa chini. Nimetoka kidogo kwenye moto, lakini ni watu walewale, na moyo uleule.

Sasa tuseme ukweli kuhusu namna tunavyowatazama. Na tuanze na wale walioajiriwa, kwa sababu dharau tunayowapa wao huwashukia pia wanaojitolea. Kila moto ukizuka, Dar es Salaam au Nairobi, utasikia sentensi ileile: "Faya wamekuja hawana maji." Imekuwa kama kibwagizo. Kuna siku huwa kweli, na siku hiyo lawama ni haki. Lakini piga hesabu nami. Chukua gari lenye tangi la lita 5,000. Likifungua mipira miwili, kila mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, tangi limekwisha ndani ya dakika tano. Dakika tano, msikilizaji! Baada ya hapo linahitaji bomba la zimamoto la mtaani. Bomba hilo pengine limefunikwa na lami, pengine juu yake kuna kibanda cha chipsi, pengine lipo lakini halina maji tangu mtaa ulipopimwa. Gari linaondoka kwenda kujaza, na sisi tunaliona linaondoka, na tunaokota mawe. Askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wanapigwa mawe na watu walewale ambao askari hao wamekuja kuwaokoa, na siku nyingine gari limechelewa kwa sababu barabara ya kuingia mtaani ina upana wa bajaji moja. Mtaa unaochukia gari la faya hautamheshimu kijana wa bodaboda mwenye fulana mbichi puani.

Kwa huyo wa kujitolea tumeweka majina. La kwanza mmeshalisikia. Na jina hilo la kibaka lina historia yake. Sitaki kuwasingizia watu kwamba wanashuku bure. Kwenye moto wa soko kweli wapo wanaokuja na magunia. Wafanyabiashara wa Gikomba kule Nairobi, soko lililoungua mara nyingi, watakueleza jinsi mtu anavyolinda marobota yake dhidi ya moto kwa mkono mmoja na dhidi ya wezi kwa mkono wa pili. Na hatujasahau Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka, watu wakaenda kuchota, likalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Tangu hapo mtu yeyote anayekimbilia kwenye ajali hutazamwa kwanza mikono: amebeba nini? Naielewa hofu hiyo. Lakini matokeo yake ni kwamba mwenye nia njema anasita sekunde kumi mlangoni, na moto wa dari la mbao hauhitaji sekunde nyingi zaidi ya hizo.

Jina la pili ni "hana kazi." Mtu akijitolea bure, tunauliza anatafuta nini. Anatafuta posho, anataka udiwani, anataka kupigwa picha. Nimeyasikia haya kwenye vikao vya mtaa, tena kutoka kwa watu wazima ninaowaheshimu. Nchi ya Chile, kule Amerika ya Kusini, imekuwa na vikosi vya zimamoto vya kujitolea tangu mwaka 1851, vilipoanzia mji wa bandari wa Valparaíso baada ya moto mkubwa. Mpaka leo wale wanaoingia motoni hawalipwi mshahara, na wengi wao wanatoa michango yao wenyewe kukiendesha kikosi. Daktari anakuwamo, fundi anakuwamo, mwanafunzi anakuwamo, na mama akisema mwanangu yuko kikosini, anasema akiwa ameinua kichwa. Siyatamani magari yao. Natamani kichwa cha mama yule.

Jina la tatu ni zuri, na ndilo linalonisumbua zaidi: shujaa. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilitumbukia Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Ndani walikuwamo watu 43. Waliofika kwanza ni wavuvi, kwa mitumbwi na makasia. Watu 24 walinusurika, 19 wakafariki. Mvuvi kijana, Majaliwa Jackson, alipoteza fahamu akihangaika kuwafikia marubani, akalazwa hospitalini, na nchi nzima ikalijua jina lake. Akapewa shilingi milioni moja, na Serikali ikaagiza aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Nilifurahi siku ile, na ninafurahi hadi leo. Lakini kwenye maji yale kulikuwa na mitumbwi mingine, na makasia mengine, na mikono mingine iliyovuta watu. Wale walirudi nyumbani wamelowa, wakaanika nguo, na kesho yake wakaenda ziwani kuvua dagaa. Shujaa ni mtu tunayemtambua baada ya mazishi. Mimi namtaka mtu ninayemjua kabla, ambaye siku ya ajali ana kamba imara ndani ya mtumbwi, ameshafundishwa mlango wa dharura wa ndege hufunguliwaje, na ana namba ya simu ya mtu wa kumjibu.

Kwetu anayejitolea huitwa kwa kipaza sauti, haitwi kwa jina. "Wananchi mnaombwa mjitokeze." Wanajitokeza. Moto ukizimwa, "Tunawashukuru wananchi." Wananchi wanarudi nyumbani na vifua vyao.

Ndiyo, na vifua vyao. Hili nataka tulikalie kidogo, kwa sababu watu wengi wanadhani hatari ya moto ni mwali. Kinachoua kwanza ni moshi. Godoro la sponji, kapeti, viti vya plastiki, vikiwaka vinatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iliyofichwa ndani ya ule moshi mweusi. Mtu anavuta mara chache tu, magoti yanalegea, analala usingizi akiwa njiani kwenda mlangoni. Hewa yenye nafuu iko chini, karibu na sakafu. Aliyefundishwa anatambaa, asiyefundishwa anaingia wima. Aliyefundishwa anafunga mlango wa chumba kinachowaka ili moto ukose pumzi. Asiyefundishwa anavunja madirisha yote akidhani anatoa moshi, kumbe anaulisha moto upepo. Asiyefundishwa anamwagia maji sufuria ya mafuta inayowaka, na mafuta yanaruka mpaka darini. Anamwaga maji ukutani kabla umeme haujakatwa. Anasimama chini ya paa la bati ambalo mbao zake zimeshageuka mkaa. Haya yote hufundishwa, na haihitaji chuo. Jumamosi chache na mwalimu anayejua zinatosha kumtoa mtu kwenye kundi la wahanga na kumweka kwenye kundi la waokoaji.

Na akiumia? Mfanyakazi akiumia kazini, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, na mwajiri wake anauchangia. Kijana wa bodaboda aliyeingia nyumba ya jirani hana mwajiri. Kijana wetu alipasuliwa mdomo kwa mbao na kuungua mkono kwa bati. Alipofika hospitalini aliulizwa, kama anavyoulizwa mtu yeyote, nani analipa. Alilipa mwenyewe, kwa hesabu ya siku nne asizopeleka pesa ya tajiri wa pikipiki. Katika mtaa wenye nyumba mia na zaidi, hakuna aliyepitisha kofia. Mimi pia sikupitisha.

Ninapojiuliza mtaa ungewezaje kufanya vingine, nakumbuka habari ya mji wa Philadelphia, Marekani, ya mwaka 1736. Benjamin Franklin na wenzake walianzisha pale kampuni ya zimamoto ya watu wa kujitolea, Union Fire Company. Kila mwanachama alitakiwa kuwa na ndoo zake za ngozi za maji, na hilo linaeleweka. Lakini alitakiwa pia kuwa na mifuko ya kitambaa ya kuhamishia mali za mwenye nyumba. Ndoo na mifuko viliandikwa majina yao. Na walikubaliana kwa maandishi kwamba wakati wa kutoa mali, wawili miongoni mwao wasimame mlangoni, kazi yao ikiwa kuzuia watu wa kutiliwa shaka wasiingie.

Nilipoijua habari hiyo nilinyamaza kwa muda mrefu. Watu wale wa zamani, kabla ya magari na kabla ya simu, walijua kwamba moto unachoma pia imani ya jirani kwa jirani, wakaiwekea ulinzi palepale mlangoni. Laiti usiku ule angekuwapo mtu mmoja mlangoni, anayejulikana, wa kusema, "Huyo ni wetu, iweke televisheni hapa."

Vitu hivi havitungojei tupate utajiri. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji tunayo tangu 2007, namba ya dharura ni 114 na haitozwi, serikali ya mtaa ina mwenyekiti, kila shina lina mjumbe anayejua nyumba ipi ina mgonjwa asiyeweza kutembea na nyumba ipi inauza petroli kwenye chupa. Tuna polisi jamii, tulikuwa na sungusungu. Tunajua kuorodhesha watu kwa ajili ya msiba: nani anapika, nani anachimba, nani anakusanya rambirambi na kuandika daftarini. Daftari la namna hiyo ndilo ninalolisema. Majina ishirini. Kizibao cha rangi kinachojulikana mtaa mzima. Mtu mmoja wa kukata umeme, mmoja wa kupiga 114 na kwenda kusimama barabarani kulielekeza gari, mmoja wa kuhesabu watoto. Na mchango wa kila mwezi, hata shilingi mia tano, wa kumtibu atakayeumia.

Jumapili iliyopita tulikaa kikao, kwenye uwanja wa shule ya msingi, saa kumi jioni. Ilinichukua mwaka mzima kumshawishi mwenyekiti, na nilipopewa nafasi nilisimama nikasema mbele ya watu niliyokuambia leo: kwamba niliona, na nilinyamaza. Baadhi walitazama chini. Nadhani na wao waliona.

Kijana wa bodaboda alikuja, akakaa nyuma, juu ya pikipiki yake, kofia ngumu mapajani. Mwenyekiti alipoanza kuandika majina ya watakaojitolea, watu waligeuka kumtazama yeye. Hakunyoosha mkono. Tukangoja. Hatimaye akasema, "Shikamooni wazee. Mimi kuingia nitaingia, hata msiponiandika. Ninauliza kitu kimoja tu. Nikitoka na mali ya mtu, nani atakuwa amesimama mlangoni?"

Palikuwa kimya mpaka tukasikia daladala ikiita abiria kule barabara kuu. Kisha mama mwenye nyumba ile, yule aliyekuwa msibani usiku wa moto, akainuka kwa kushika bega la mjukuu wake. Miguu yake ina maradhi ya muda mrefu. Akasema, "Mwanangu, mlangoni nitakuwapo mimi. Ila kusimama siwezi."

Mwenyekiti akauliza tena, kwa upole, mama anataka aandike nini. Akajibu, "Andika jina langu. Na andika kiti."

Ameandika.